"Run" ya pampu si ya miguu

SWALI: Mwalimu, hujambo? Nimepewa kazi ya kutafsiri mwongozo wa pampu ya maji utakaosomwa na mafundi na wenye nyumba. Neno "run" linanitoa jasho. Karibu kila ukurasa lipo, na kila mahali lina maana yake. Kamusi ndogo niliyo nayo inaniambia "kimbia", na programu ya kutafsiri imeniandikia "usikimbize pampu kavu". Kuna kanuni, au ni lazima nikariri maana zote? – Msomaji, Kayole

JIBU: Sijambo, ndugu yangu. Usithubutu kuzikariri. Katika toleo la pili la Oxford English Dictionary, la 1989, neno lililoongoza kwa wingi wa maana lilikuwa "set", likiwa na 430. Wahariri walipokuja kulipitia upya "run" kwa ajili ya toleo la tatu, walipata maana 645 za kitenzi peke yake. Mashine zimechangia sana. Treni, saa, injini, na baadaye kompyuta, zote zilihitaji kitenzi cha kusema zinafanya kazi, na Waingereza wakazitwisha kile kile cha miguu.

Kanuni ipo, nayo ni kutazama majirani wa neno: nani anatenda, na anatenda nini. Maji hutiririka. Rangi ya nguo huchuja. Anayetaka kiti cha udiwani anagombea, mwenye duka anaendesha duka, na mafuta yanaisha, ingawa Mwingereza ana "run" kwa yote hayo. Sisi wenyewe tunaishi hivyo na "piga": mtoto wa Nairobi hachanganyi kupiga pasi, kupiga deki na kupiga kura, kwa sababu neno linalofuata limeshamweleza.

Sasa tuingie kwenye mwongozo wako. "Do not run the pump dry" andika: "Usiwashe pampu bila maji." Ukipenda ongeza sababu, kwa maana fundi akijua sababu hasahau: maji yanayopita ndani ndiyo yanayopoza na kulainisha sili ya shafti, yaani kizuizi cha maji pale mhimili unaozunguka unapopita. Yakikosekana, sili inapata moto, inaungua, na pampu inaanza kuvuja. "Kavu" haikumwambia msomaji lolote kati ya hayo. Anaweza hata kudhani anakatazwa kuigusa pampu isiyolowa.

Hapo hapo kuna mtego. Ofisini, "dry run" ni jaribio linalofanywa kabla ya shughuli yenyewe. Kwenye pampu, "dry run protection" haihusiani na majaribio hata kidogo. Ni kinga inayozima pampu maji yanapokosekana. Maneno mawili yale yale, mpangilio ule ule, na kilichobadilika ni chombo kinachozungumziwa. Ndiyo maana nakusihi usome ukurasa mzima, na mchoro wake, kabla ya kutafsiri mstari mmoja.

Pahali pengine pa kuwa mwangalifu ni kwenye kapasita, kile kifaa kinachohifadhi umeme kwa ajili ya mota. Mota nyingi za umeme wa fezi moja zina "start capacitor", zina "run capacitor", au zina zote mbili. Ya kwanza ni ya kuwashia: inasaidia mota kuanza kuzunguka, kisha swichi inaitoa kwenye mzunguko wa umeme. Ya pili inabaki kazini muda wote mota inapozunguka. Mimi ningeandika "kapasita ya kuwashia" na "kapasita ya kuendeshea". Ukiziita zote "kapasita ya mota", kuna siku mtu atafunga ile ya kuwashia mahali pa ile nyingine, nayo haikuundwa kukaa na umeme muda mrefu. Itapata moto na huenda ikapasuka.

Zilizobaki ni nyepesi. "Run the engine for five minutes" ni kuiacha injini ingurume dakika 5. "Run the cable through the pipe" ni kupitisha waya ndani ya bomba.

Unapoendelea, weka daftari la vifungu vizima, si la neno moja moja, na kando ya kila kifungu andika kinazungumzia chombo gani. Kisha peleka rasimu kwa mafundi wa barabara ya Kirinyaga hapo Nairobi, umsomee mmoja wao kwa sauti na umwombe akuonyeshe kwa mikono angefanya nini. Akisita, sentensi hiyo bado. Mimi huamini mikono ya fundi kuliko kamusi yoyote katika kazi ya namna hii.

Na ukikutana na "run" kama nomino kwenye sehemu ya mabomba, mfano "a run of 30 metres", hapo hakuna kitu kinachozunguka wala kutiririka. Ni urefu wa bomba lililolazwa mfululizo. Andika "bomba la mita 30 mfululizo", fundi atajua anunue kiasi gani.