Vitabu vitoke stoo

Mhariri, mmeuliza wiki hii: mtoto wa gredi ya tatu akishindwa kusoma sentensi moja, tumlaumu mwalimu au mzazi? Mimi ni fundi wa nguo hapa Kaptembwo, Nakuru. Kabla ya hao wawili, muulizeni mwenye ufunguo wa stoo.

Tusome, ule mpango wa serikali wa kufundisha watoto kusoma, ilipoanza nchi nzima mwaka 2015, lengo lilikuwa kila mtoto wa madarasa ya mwanzo awe na kitabu chake. Vitabu vilikuja, sikatai. Lakini katika shule wanayosoma wajukuu wangu (jina nalihifadhi), kengele ikilia vilikuwa vinakusanywa na kufungiwa. Mwalimu mkuu aliogopa vikipotea ataulizwa yeye. Wazazi nao waliogopa kulipishwa. Watoto wakawa wanarudi nyumbani mikono mitupu.

Siku moja mjukuu wangu wa gredi ya pili akaja na kitabu amekificha ndani ya sweta. Alitaka nimsikie. Akanisomea ukurasa mzima bila kukwama, nikafurahi hadi nikamnunulia mandazi. Kisha nikaona macho yake yako kwa bodaboda zinazopita. Nikafunika picha kwa kitambaa nilichokuwa nakata, nikaweka kidole kwenye neno la katikati.

"Hili?"

Kimya. Halafu: "Shosho, hilo mwalimu hajatusomea peke yake."

Alikuwa amekariri darasa likiimba. Nikachukua chaki ya kukatia nguo nikaandika mezani: ki, bu, yu. Akaunganisha polepole, kibuyu. Nikafuta yu, nikaweka bu nyingine. Alipogundua imekuwa kibubu alicheka mpaka wateja wakageuka. Kiswahili kina fadhila hiyo, kinasomwa kama kilivyoandikwa. Mtaa wetu una Wakisii, Waluhya, Wakikuyu, Waluo na Wakalenjin, na watoto wote huchezea Kiswahili, ila wazazi wengi wanataka Kiingereza kwanza. Hilo tuliache.

Kesho yake nilirudisha kitabu mwenyewe, haya zimenijaa. Mwalimu hakunigombeza. Alisema ana watoto 70. Akimsikiliza kila mmoja kwa dakika mbili tu, ni saa mbili na dakika 20, na vipindi vingine vinangoja. Nikamwambia mimi nikikaa kwa cherehani mikono na miguu ndiyo inafanya kazi, masikio yako bure.

Ndivyo tulivyoanza. Kila Ijumaa vitabu 20 vinatoka, vinaandikwa kwenye kaunta buku, vinagawanywa kwangu, kwa kinyozi na kwa mama mmoja wa duka. Kwa kinyozi, mtoto humsomea anayengoja zamu. Mwalimu mkuu alikataa kwanza, akasema wazazi waamue. Mikutano ya wazazi tunaijua, ukiitwa unapapasa mfuko kabla hujakaa. Siku hiyo tuliombwa masikio, na watu wakakosa la kusema. Baba mmoja akasimama: yeye hajui kusoma, atamsikilizaje mtoto? Mwalimu akamjibu, "Mwambie akusimulie alichosoma. Hadithi ikikosa kichwa na miguu, mrudishe mwanzo." Huyo baba ndiye sasa hakosi Ijumaa hata moja. Nadhani anafuata hadithi zenyewe.

Hasara ipo. Muhula wa kwanza vilipotea vitabu viwili, na kingine kiliangukia beseni la nguo. Mwalimu mkuu alinipigia simu kama kwamba nimeuza shamba la shule. Vile viwili tulivichangia. Cha beseni kilianikwa kwa kamba na sasa kimevimba kama mkate, lakini kinasomeka.

Vinavyochanika mgongo navishona mwenyewe kwa uzi wa jinzi. Fundi mwingine akitaka kujaribu, atumie sindano namba 18 na mishono mirefu. Ukibana mishono karatasi inakatika kama stempu.