Mishahara mizuri na bei nafuu vinakaa pamoja

Umeuliza kama supamaketi inaweza kuwalipa wafanyakazi vizuri na bado ikauza kwa bei nafuu. Inaweza kabisa. Angalia Market Basket, supamaketi za Marekani zinazojulikana kwa bei nafuu: wafanyakazi hupata mgao wa faida kwenye akiba ya uzeeni, na mameneja wengi walianza kwa kupakia bidhaa za wateja mifukoni. Juni 2014 bodi ilipomfukuza mkurugenzi Arthur T. Demoulas, madereva na watu wa ghala waligoma wakitaka arudishwe, tena bila chama cha wafanyakazi. Rafu za mboga zikabaki tupu, wateja wakabandika kwenye vioo risiti za maduka mengine kuonyesha wamehamia huko! Agosti, upande wa binamu yake Demoulas, uliokuwa na hisa nyingi zaidi, ukakubali kumuuzia hisa zake. Kwenye duka lako, anza kuwajali wafanyakazi kwa ratiba ya zamu: ibandike mapema, usiibadilishe usiku.