Moyo umekushtua, lakini haujakutajia mtu

*Shikamoo Shangazi. Naishi Donholm, Nairobi, nina watoto wawili na nafanya kazi mjini. Kwa muda sasa pesa zinapungua kwenye M-Pesa yangu. Mume akinitumia za matumizi, jioni salio halilingani na nilichonunua. Yaya anaijua PIN kwa sababu jioni humpa simu akanunue maziwa na mkate. Sina ushahidi, lakini moyo unaniambia ni yeye, na yaya aliyemtangulia aliniibia kweli. Jirani anasema nimpekue mkoba Jumapili akienda kanisani, kisha nimfukuze. Mume anasema nawaza tu. Nimsikilize nani? – Mama Wawili*

Marahaba, mwanangu. Moyo wako usiupuuze. Wewe ndiye unayeendesha nyumba hiyo, unajua pakiti ya unga inaisha siku gani. Salio likikukataa, basi kuna jambo. Ila moyo umekuambia pesa zinapungua tu. Jina la yaya umelitia wewe, na nahisi limetoka kwa yule wa kwanza. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, lakini huyu wa sasa hakuwepo mwenzake alipoiba.

Bahati yako ni kwamba pesa za simu huacha alama. Piga *334# au fungua programu ya M-Pesa, uombe taarifa ya miamala ya miezi mitatu. Keti nayo watoto wakishalala, kalamu mkononi. Kila muamala una tarehe, saa na aliyelipwa. Anza na saa: mchana simu unayo kazini, kwa hivyo malipo ya saa nane mchana hayawezi kuwa ya yaya aliye Donholm. Kisha tafuta mistari iliyoandikwa "OD Loan Repayment". Hiyo ni Fuliza, mkopo wa M-Pesa, inajilipa. Ukilipia kitu na salio halitoshi, Fuliza hukujazia, halafu pesa zikiingia hukata deni lake kwanza pamoja na ada, na ada huongezeka deni likikaa. Umeniandikia kwamba pesa hupungua mume akituma, na hapo ndipo niliposimama nikaisoma barua upya. Simwondolei yaya shaka nikiwa huku, lakini pekua karatasi hiyo kwanza. Mkoba wake uache. Pesa za M-Pesa hazikai mkobani, na kupekuliwa mlangoni mbele ya watoto unaowalea ni fedheha isiyosahaulika.

PIN ibadilishe leo, usimwambie yeyote nyumbani, na maziwa yanunuliwe kwa pesa taslimu kwa wiki mbili hivi. Pesa zikiendelea kupotea, yaya hayumo. Zikikoma, bado hujapata mwizi, maana umewafungia wote walioijua PIN, hata mtoto mkubwa. Rudi kwenye taarifa uone zilikwenda kwa nani. Mtu akitoa pesa kwa wakala, jina la wakala huandikwa.

Sisemi kila jambo lichunguzwe kwanza. Ungeniambia mdogo wako hulia kila akiachwa naye, au umemkuta na alama mwilini, ningekuambia mtoe mtoto leo, maswali yafuate. Ukiwa kwenye matatu usiku na moyo ukakataa, shuka penye watu, huhitaji ushahidi. Huko kungoja ndiko hatari. Hili la pesa linaweza kungoja wiki mbili bila mtu kuumia. Ukikurupuka ukakosea, msichana wa watu atarudi kwao na jina la mwizi, na hakuna atakayemwajiri tena hapo mtaani. Jambo hilo linanihuzunisha kuliko pesa zenyewe.

Hata sheria iko hivyo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inamlinda yaya kama mfanyakazi mwingine. Kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri, kabla ya kumfuta mtu kwa kosa, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa na asikilize utetezi wake. Na hata akifutwa, siku alizokwisha kufanya kazi ni lazima zilipwe.

Kwa hivyo ukikuta muamala usioufahamu, mkalishe mezani, mwonyeshe tarehe na saa, umuulize, "Hii ilikuwa ya nini?" Kisha nyamaza. Huenda akakukumbusha jioni uliyomtuma gesi ukasahau. Huenda akakosa la kusema, na hapo utamwachisha kazi kwa haki. Baba watoto naye awepo, asome hizo tarehe kwa macho yake, asirudi kukuambia kwamba unawaza tu.