Wasiwasi una asili gani? Majibu kwa wasomaji wa Kigoma na Tabora

Shikamoo Mwalimu. Hapa kwetu shehe akimwona mtu anarudiarudia udhu humwambia, "Acha wasiwasi." Mbona mtu mwenyewe haogopi kitu? (Msomaji, Ujiji)

Marahaba. Shehe analitumia neno karibu kabisa na asili yake. Kwa Kiarabu *waswasa* ni kunong'ona. Waarabu walilisema hata kwa mchakacho wa mapambo ya mwanamke anapotembea. Katika Surat An-Nas, aya ya 4 na 5, Waswasi ni yule anong'onaye vifuani mwa watu kisha akajificha. Basi huyo wa udhu ananong'onezwa: kiwiko hakijalowa, rudia. Hofu haimo, kuna shaka tu isiyotaka kutulia. Waturuki nao wana *vesvese*, Waindonesia *waswas*. Sisi tumemsahau mnong'onaji, tukabaki na tumbo joto.

Kama ni mnong'ono wa shetani, kwa nini tunasema "wasiwasi ndiyo akili"? (Msomaji, Uvinza)

Kwa sababu mtaani neno limeshahama msikitini. Anayehesabu chenji mara mbili stendi hajaingiliwa na shetani, amewahi kuibiwa. Msemo unamtetea huyo, wala haumhusu anayeamka usiku kucha kukagua komeo lilelile.

Mwanangu wa darasa la tano aliandika "wasiwasi wamenishika", mwalimu akamkosoa. Si linaanza na wa-? (Mama, Kasulu)

Mwalimu yuko sahihi: wasiwasi *umenishika*. Hiyo wa- si ya watu, ni ya mzizi wenyewe. Tazama wenzake, wakati na waraka, ambayo pia yametoka Kiarabu. Masikio yetu yaliisikia ile w kama ya wimbo na wembe, yakaingizwa ngeli hiyohiyo. Wakati ukapata nyakati, waraka ukapata nyaraka. "Nyasiwasi" haikuzaliwa, na ninashukuru. Ukizidi, sema wasiwasi mwingi.

Linaandikwa neno moja au mawili? (Msomaji, Tabora mjini)

Moja.

Wasiwasi, hofu na taharuki vina tofauti, au ni mbwembwe za watangazaji? (Mchuuzi wa dagaa, Kibirizi)

Tofauti ipo, na wewe wa mwaloni unaiishi. Mitumbwi imetoka usiku wa giza, alfajiri upepo umebadilika, na hakuna taa hata moja inayorudi: huo ni wasiwasi, maana hujui lolote bado. Wimbi likipanda juu ya mtumbwi uliokaa wewe, hiyo ni hofu. Kinachotisha unakiona kwa macho. Taharuki ina mzizi mmoja na haraka na harakati, mzizi wa kujongea. Ni pale mwalo mzima unapokimbilia majini, kila mtu akimuuliza mwenzake nini kimetokea. Ndiyo maana nikisikia redioni kwamba mzee fulani "alikaa kitandani kwa taharuki", mimi humhurumia mzee na kumnunia mtangazaji.