Wasifu wa mbunge mkongwe: namna ya kuuandaa umtendee haki marehemu

Mbunge wa vipindi vitatu au vinne akifariki, familia hubaki na siku chache tu kabla ya mazishi, na kazi ya wasifu mara nyingi huangukia kijana yeyote anayejua kompyuta. Matokeo yake tunayasikia misibani kuanzia Kyela mpaka Ludewa: alikuwa mcheshi, mchapakazi, mpenda watu, ameacha pengo lisilozibika. Maneno hayo yangemfaa marehemu yeyote. Aliyewatumikia watu miaka 20 anastahili kutajiwa alichofanya, mwaka gani na akiwa na wadhifa gani. Heshima ya mtumishi wa umma iko hapo, kwenye kumbukumbu iliyo sahihi.

Wanaoandaa wasifu wawe watatu. Mmoja atoke kwenye familia, anayejua tarehe za nyumbani. Wa pili awe amefanya kazi na marehemu jimboni: aliyekuwa katibu wa mbunge, au diwani mstaafu. Wa tatu ndiye anayeandika, na kalamu ibaki mkononi mwake peke yake. Wakizidi hapo, kila mjomba atataka sentensi yake iingie.

Siku ya kwanza kusanyeni karatasi kabla hamjakusanya masimulizi. Tafuteni vyeti, barua za uteuzi, shajara, picha zenye maandishi nyuma, na ratiba za ziara. Baada ya hapo fungueni Hansard, yaani taarifa rasmi za mijadala ya Bunge. Za miaka ya karibuni zipo kwenye tovuti ya Bunge. Za zamani zaidi itabidi mtu aliyeko Dodoma aulize maktaba ya Bunge. Tafuta kwa jina la ukoo peke yake, kwa sababu herufi za majina ya kwanza hubadilika kutoka taarifa moja hadi nyingine. Faili likiwa ni picha za kurasa, kutafuta kwa neno hakutafanya kazi, na kutoona jina hakumaanishi kwamba hakusema kitu. Muda ukiwa mfupi, anza na mikutano ya bajeti (Aprili hadi Juni tangu 2013, na kabla ya hapo Juni hadi Agosti), kwenye wizara za kilimo, maji na ujenzi. Mbunge wa Nyanda za Juu Kusini asiyewahi kusimama kuzungumzia mbolea, bei ya mahindi, chai, pareto au barabara ya vijijini ni nadra sana. Kila unachokipata kiandikie tarehe, kikao, namba ya swali na aina yake: swali la msingi, la nyongeza, mchango wa kuzungumza au wa maandishi. Maswali mawili yaliyonukuliwa sawasawa yana uzito kuliko ukurasa mzima wa sifa.

Penye makosa mengi ni majina ya mikoa na majimbo. Mkoa wa Njombe ulianza mwaka 2012, na Songwe mwaka 2016. Kwa hiyo aliyeingia bungeni mwaka 1990 kutoka Makete alitoka Mkoa wa Iringa, na wa Mbozi alitoka Mkoa wa Mbeya. Rungwe Mashariki ndiyo iliyokuja kuitwa Busokelo mwaka 2015, mwaka uleule Mafinga Mjini ilipokuwa jimbo. Andika jina lililotumika wakati ule, kisha ongeza "sasa ni" mara moja tu.

Kosa la pili ni kuunganisha vipindi vilivyokatika. Chifu Adam Sapi Mkwawa wa Iringa ni mfano mzuri. Ukiandika kwamba alikuwa Spika kuanzia 1962 hadi 1994 umekosea, maana kati ya 1973 na 1975 kiti kilikaliwa na Erasto Mang'enya. Ukiiandika sahihi, habari inakuwa kubwa zaidi: alikabidhiwa kiti mwaka 1962, akakiacha 1973, akarudishwa 1975 na kukaa mpaka 1994. Maana yake aliliongoza Bunge Muungano ulipozaliwa mwaka 1964, na pia mfumo wa vyama vingi uliporudishwa kisheria mwaka 1992. Msikilizaji anaelewa ukubwa wa utumishi huo bila kuambiwa neno "nguli". Kadhalika kwa mbunge aliyewahi kushindwa kura za maoni ndani ya chama, au aliyekaa nje kipindi kimoja kisha akarejea. Taja. Wananchi waliokaa uwanjani ndio waliopiga kura zile, hawajasahau.

Sasa sifa. Mbunge hatungi bajeti ya Serikali wala hajengi barabara. Anauliza, anashawishi, anapitisha sheria, anaisimamia Serikali, na anaingia kwenye baraza la madiwani kama mjumbe. Sentensi "alijenga kituo cha afya" inawadhulumu wananchi waliobeba mawe na kufyatua tofali. Andika nguvu za wananchi zilifika wapi, halmashauri ilitoa nini, na yeye alifanya nini. Kama fedha zilitoka Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, sema hivyo, maana mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati yake lakini fedha ni za umma. Kwa aliyekuwa waziri, pima maneno vilevile. Joseph Mungai wa Mufindi alikuwa Waziri wa Elimu na Utamaduni Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulipoanza mwaka 2002. Kusema aliisimamia wizara wakati wa mpango huo ni haki yake kamili. Kusema yeye peke yake ndiye aliyeondoa ada za shule za msingi ni kumpa uamuzi uliokuwa wa Serikali nzima.

Magonjwa, migogoro ya mirathi na idadi ya nyumba viachwe nje. Vyama pia. Taja chama chake na nyadhifa alizoshika humo, basi. Msibani huja CCM, huja CHADEMA, huja na wasio na chama, na jeneza halipaswi kugeuzwa jukwaa la mgombea ajaye. Mshereheshaji aelezwe hilo mapema, mbele ya wazee wa ukoo.

Wasifu usizidi maneno 700. Kwa msomaji mtulivu hizo ni kama dakika saba. Upitishwe kwa familia jioni ya kuamkia mazishi, na baada ya hapo asibadilishe mtu isipokuwa tarehe iliyokosewa. Chapa kwa maandishi makubwa, ukubwa wa 16, upande mmoja wa karatasi, na kurasa zipewe namba. Kati ya Novemba na Aprili kule Tukuyu au Njombe mvua haisubiri ibada iishe, kwa hiyo kila ukurasa uingie kwenye nailoni, na nakala ya pili ashike mtu mwingine. Usimpe mjane au mtoto wa marehemu kusoma, hata kama amejitolea kwa moyo wote. Sauti ikikatika katikati, wasifu umeishia hapo.

Baada ya matanga kuanuliwa, karatasi zile zisirudi kwenye sanduku la chumbani. Piga picha kila barua na kila shajara, andika majina ya watu kwenye picha wazee wakiwa bado wapo, kisha peleka nakala halmashauri na maktaba ya mkoa. Kwa upande wa Iringa, zungumzeni na makumbusho ya Iringa Boma kuhusu vitu vyake vya kazi. Familia ikitaka mfuko wa kusomesha watoto kwa jina lake, bodi ya wadhamini isajiliwe RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini) kabla hamjapokea shilingi ya kwanza, na akaunti ya benki iwe na watia saini zaidi ya mmoja.

Fundi wa jiwe la kaburi naye apewe tarehe na vipindi kutoka kwenye wasifu uleule, kwa maandishi, siyo kwa simu. Mwanafamilia mmoja asome kila tarakimu kabla patasi haijagusa jiwe.