Barua zenu za vitabu: familia zinazoulizwa "kwani nyinyi kwenu wapi?"

Mwezi huu barua nyingi zimegusa kitu kimoja, watu wanatafuta vitabu vya familia za jamii ndogo ndogo, wale ambao wamezaliwa hapa, wamezikana hapa, na bado kila kizazi kinaulizwa asili yake. Nimechagua nne. Majina nimeyaficha kama mlivyoomba.

SWALI: Dada shikamoo. Mi kijana wa Upanga, Dar. Baba ni Mhindi, Khoja, mama ni Mngoni wa Songea. Kwa kina baba mi ni chotara, kwa kina mama mi ni Mhindi, na sokoni kila mtu ananipandishia bei. Kwenye vitabu vya Kiswahili nilivyosoma Mhindi ni mwenye duka, anapunja mizani, stori inaendelea bila yeye. Kuna kitabu chenye mtu kama mimi? Hata cha Kiingereza nitajikongoja.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Vipo, tena kimoja labda ulikishika shuleni ukakisoma kwa ajili ya mtihani alafu ukakirudisha, nacho ni Vuta n'kuvute cha Adam Shafi, kilitoka 1999. Kisome tena bila haraka. Yasmin ni binti wa Kihindi wa Zanzibar enzi za mkoloni, ana miaka 15 anaozeshwa Bwana Raza mwenye miaka 52. Anamkimbia, na akirudi kwa watu wake wanamkataa, kwao heshima ya familia imeshaharibika na yeye ndo kaiharibu. Anayempokea ni Mwajuma, mwanamke wa Kiswahili ambaye mwenyewe maisha yake ni ya kubahatisha, na kupitia hapo anakutana na Denge, kijana aliyesoma Urusi anayesakwa na Waingereza kwa sababu ya siasa. Shuleni walitufundisha kukisoma kama riwaya ya ukoloni na ukombozi, na ni kweli, ila mi nakuambia kisome kama kitabu cha binti aliyefukuzwa na jamii yake iliyokuwa inaogopa kupotea. Ile hofu ya kupotea ndo inayomuumiza Yasmin, na nahisi wewe unaijua.

Cha pili ni cha Kiingereza, The Gunny Sack cha M.G. Vassanji, 1989. Vassanji kazaliwa Nairobi, kakulia hapa hapa Dar. Msimulizi anaitwa Salim Juma, anarithi gunia kutoka kwa bibi mmoja wa ukoo, na kila kitu kinachotoka humo kina habari yake. Babu mkuu, Dhanji Govindji, alitoka Gujarat akaja pwani kufanya biashara, na kabla hajaoa mke wa kabila lake alizaa mtoto na Bibi Taratibu, mwanamke mtumwa. Mtoto anaitwa Huseni. Huseni anakua, anagombana na baba yake, anapotea, na yule mzee anatumia hadi pesa za jamaa zake wa msikitini kumtafuta. Sasa msimulizi mwenyewe ni wa damu ya huyo Huseni. Yani mdogo wangu, ukoo mzima unaojiita wa Kihindi umepitia kwa mama Mwafrika ambaye hamna anayemtaja sebuleni. Ukifika hapo utanikumbuka.

Mi vitabu vya jamii ndogo navipima kwa kitu kimoja. Je, mwandishi kasema mabaya wanayotendewa na watu wa nje na pia yale wanayotendeana wenyewe ndani ya nyumba? Kikisema ya nje tu kinakuwa risala, unasoma unasikitika unakifunga. Kikisema ya ndani tu kinawapa watu sababu ya kuendelea kuwadharau. Shafi na Vassanji wamesema yote mawili na ndo maana nawarudia. Kwa mfano yale ya mwaka 1971, serikali ilipotaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, kuna wajane walioishi kwa kodi ya vyumba viwili vitatu wakaamka hawana kitu, na kuna matajiri walionyonya wapangaji miaka na miaka, na wote waliwekwa fungu moja la "Wahindi". Wengi wakaondoka kwenda Canada. Riwaya inaweza kukuwekea hao wote kwenye jengo moja, tamko la serikali haliwezi.

Kama Kiingereza cha riwaya ndefu kinachosha, Vassanji ana kitabu cha hadithi fupi, Uhuru Street, jina ni la ule mtaa uliokuwa unaitwa Kichwele zamani, unaupita kila siku ukienda Kariakoo. Na Desertion cha Abdulrazak Gurnah, 2005, humo kuna Rehana, baba Mhindi mama Mswahili wa Mombasa, anampenda Mzungu mwaka 1899, na lile penzi linawaandama watu wa vizazi vya baadaye ambao hawakuwepo. Anza na Shafi lakini.

SWALI: Aunti, mi ni mama wa Likoni. Kijana wangu ana miaka 13 na anasoma sana, nimeona Peponi kwa duka la vitabu. Itamfaa?

JIBU: Asante mama. Peponi ni Paradise ya Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Nobel 2021, imeletwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis na kuchapwa na Mkuki na Nyota 2022. Inaanza na kijana wa miaka 12, Yusuf, anaambiwa anaenda kukaa na ami yake Aziz, kumbe babake alikuwa na deni kwa huyo tajiri na mtoto ndo rehani. Dukani anamkuta Khalil, kijana mwingine wa hali hiyo hiyo, ambaye anamwambia wazi huyu si ami yako. Kuna Kalasinga, Singasinga fundi wa magari, kuna Waarabu, kuna Waswahili wa bara na pwani, na kila mtu anamuona mwenzake mshenzi, na Wajerumani wanakuja huku nyuma. Ni kitabu kizuri mno. Ila kuna mambo ya watu wazima, watoto kuguswa vibaya na utumwa wa ndani ya nyumba. Kwa miaka 13 mi ningengoja afike 16 hivi, au msome pamoja jioni sura moja moja ukiwa karibu aulize. Usimwachie peke yake.

SWALI: Shikamoo aunti. Naandika kutoka Leicester, Uingereza, Kiswahili changu nimesikia kwa bibi yangu, sisi tunamwita Ba, samahani kama kuna makosa. Ba alitoka Jinja 1972. Anapika, anaimba, anagombana na TV kwa Kiswahili, lakini nikiuliza Uganda anasema "yamepita hayo" na anatoka jikoni. Vitabu gani vitanisaidia kumwelewa? Na nitamfanyaje aseme?

JIBU: Marahaba mwanangu, na Kiswahili chako ni kizuri, kila neno nimelielewa.

Kwanza ujue Ba alibeba nini. Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Wahindi waondoke na akatoa siku 90. Wengi walizaliwa kule, baba na babu zao walikuja na biashara, wengine walifuata reli iliyoanza kujengwa Mombasa 1896, ambayo ilileta vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India na karibu 2,500 wakafa kazini. Wengi wa vibarua walirudi kwao lakini njia ilikuwa imeshafunguka. Basi watu wa maduka, wa viwanda, makarani, walimu, washonaji, wote wakapanga foleni za paspoti, barabara ya kwenda Entebbe ina vizuizi vya askari na kila kizuizi wanapekuliwa. Kama 28,000 walifika Uingereza, wengi wao wakaanzia kwenye kambi za jeshi za zamani wakati baridi inaingia. Na huo mji wako wa Leicester, halmashauri yake ililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaambia wasije. Walikuja. Ba labda aliliona lile tangazo, au alilisikia, alafu akaja akaishi humo humo miaka yote hii, kwahiyo ukimya wake sio wa Uganda peke yake.

Vitabu viwili. From Citizen to Refugee cha Mahmood Mamdani, 1973, kifupi, alikiandika akiwa bado ana uchungu, kijana wa Kampala aliyejikuta kwenye kambi ya wakimbizi London, anaeleza foleni, chakula, jinsi walivyokuwa wanaamrishwa kama watoto. Hakuna chumvi humo. Cha pili ni riwaya, Kololo Hill ya Neema Shah, 2021, kuna Asha, bibi harusi mpya, anagundua mumewe anamficha mambo huku mji unageuka, na kuna December, mfanyakazi wao wa ndani, ambaye naye maisha yake yako hatarini. Huyu December ndo sababu nakitaja. Kwa sababu siku zile hawakufukuzwa Wahindi tu, Waacholi na Walango, makabila ya kaskazini mwa Uganda, walikuwa wanauawa tangu 1971, na familia nyingi za Kihindi zinasimulia maduka na nyumba walizoacha bila kusimulia nani alikuwa anafagia hiyo nyumba na nini kilimpata walipoondoka.

Sasa kumfanya Ba aseme. Usimuulize "kulikuwaje kufukuzwa", swali kubwa hivo mtu mzima analikimbia, mi mwenyewe ningelikimbia. Muulize vitu. Begi lilikuwa la rangi gani, aliweka nini, alitoa nini ili kingine kiingie. Funguo za nyumba alimwachia nani. Na akiwa anapika, hapo hapo ananuka vitunguu na mikono yake ina kazi, muulize yaya aliyemlea mama yako au baba yako alikuwa anaitwa nani. Usikae na daftari mbele yake. Akinyamaza, nyamaza nae, endelea kukatakata nyanya. Siku nyingine atarudi mwenyewe pale mlipoishia, wazee wako hivo. Na akisema jambo ambalo halimpendezeshi, labda jinsi walivyowatendea watu wa kazi, usimrukie. Msikilize hadi mwisho, maswali yako yaweke, utauliza akimaliza.

Kama unaweza mpe By the Sea ya Gurnah, au msomee. Mzee Saleh Omar anafika uwanja wa ndege Uingereza na kijisanduku cha udi, anajifanya hajui Kiingereza, kwenye paspoti kuna jina la mtu mwingine. Ba atamjua huyo mzee.

SWALI: Dada habari. Mimi Mmakonde wa Kwale, Kenya. Babu yangu alitoka Msumbiji kukata mkonge, baba alizaliwa hapa, mimi nimezaliwa hapa, na kitambulisho tulipata juzi tu. Nataka kuandika kitabu cha familia yetu lakini wenzangu wanasema nani atasoma habari za Wamakonde wa mashambani. Nianzie wapi? Na nitumie lugha gani?

JIBU: Nzuri kaka. Nitakisoma mimi, hilo la kwanza. La pili, barua yako nimeisoma mara kadhaa, na naomba uanze kuandika wiki hii, usisubiri.

Watu wengi hawajui kwamba kuna Wakenya waliokaa tangu miaka ya 1930 na 40 kwenye mashamba ya mkonge na miwa bila karatasi. Bila kitambulisho hujasajili laini ya simu, hujafungua akaunti, mvuvi hana leseni, mtoto anamaliza shule anakwama. Oktoba 2016 wenzako walitoka Kwale kwa miguu kwenda Nairobi kumuona rais, njiani walizuiwa, wakaendelea, na ndo amri ya vitambulisho ikatoka na Wamakonde wakatambuliwa kuwa kabila la 43. Ukitaka unaweza kuanzia hapo barabarani, lakini mi nakushauri uiache ije katikati. Magazeti yaliandika ile safari. Ambacho hayakuandika ni nyumba yenu.

Bibi yako ana nchale, zile chanjo za Kimakonde, usoni? Ana ndonya, kile kipande cha kuvalia mdomoni, au alama yake? Kama anazo, niambie watoto wa shule walisema nini, na niambie kama wewe ulishawahi kumficha bibi yako rafiki zako wakija. Niambie wale ndugu waliotumia kitambulisho cha mtu mwingine wapate kazi, au waliojiita Wadigo, na jinsi walivyotazamwa na wale waliokataa kubadili jina. Harusi zilikuwaje, kuoa binti wa kabila lenye karatasi ili watoto wapate, alafu mke akikasirika anamkumbusha mumewe nini. Kazi ya kuchonga vinyago, nani alibaki nayo na nani aliiona aibu. Haya yanauma kuyaandika na kuna mjomba atakasirika, nakuambia mapema. Mwonyeshe kurasa zinazomhusu kabla hujazipeleka popote, majina badilisha, lakini jambo lenyewe usilitoe.

Lugha, andika ile mnayogombania nyumbani. Kama ni Kiswahili cha Kwale chenye maneno ya Kimakonde ndani, hivo hivo, usikisafishe kiwe cha redioni. Wazee warekodi kwa simu, hasa waliofika kutoka Msumbiji au waliozaliwa na waliofika, wamebaki wachache, hao wasikilize kwanza na kuandika kutafuata. Rekodi tunza sehemu mbili maana simu hupotea. Mswada ukikamilika kuna Tuzo ya Safal-Cornell ambayo inapokea kazi za Kiswahili hata ambazo hazijachapwa, na Mkuki na Nyota pale Dar wamechapa vitabu vya aina hii, kwahiyo usiambiwe hakuna mlango.

Ukimaliza sura ya bibi nitumie hapa gazetini. Nitaisoma yote na nitakujibu kwa barua yako mwenyewe, sio kwenye safu hii.