Kabla ya Kuusifu Mgahawa wa Kikajuni, Onja Gumbo Yake

Ukiketi katika mgahawa unaojitangaza kuwa wa Kikajuni au wa Kikrioli, yaani wa mapishi ya jimbo la Louisiana, kusini mwa Marekani, usianze kwa kuupima ukali wa pilipili. Ndugu na marafiki wengi ninaoandamana nao hapa Houston na jimboni Louisiana hudhani kwamba chakula kikiwasha ulimi ndicho halisi, ilhali mapishi mengi mazuri ya huko hayawashi sana.

Mimi huagiza gumbo kwanza. Uhai wa mchuzi huu, hasa wa Kikajuni, umo katika unga wa ngano unaokaangwa kwa mafuta na kukorogwa bila kuachwa, pengine kwa muda unaokaribia saa nzima, hadi ugeuke rangi ya chokoleti. Ukiungua hata kidogo, mpishi mwaminifu humwaga wote na kuanza upya. Ndipo huingia vitunguu, pilipili hoho na selari. Ukiufikisha kijiko mdomoni unapaswa kusikia harufu ya njugu zilizokaangwa na uchungu wa mbali sana. Katika mgahawa mmoja wenye mapambo mengi nililetewa bakuli la mchuzi wa rangi ya chungwa, umeng'aa na kuteleza kwa wanga wa mahindi, soseji zikielea juu kana kwamba zimetiwa dakika ile ile. Sikuhitaji kuonja chakula kingine. (Ndugu Waislamu waulize mapema, kwa sababu hata gumbo ya kamba mara nyingi hutiwa soseji ya nguruwe, ambayo menyu huiandika andouille.)

Hata hivyo, ni lazima tuhukumu kwa haki, na hapo historia inasaidia. Wakajuni ni wazawa wa Waakadia, Wafaransa ambao Waingereza walianza kuwafukuza mwaka 1755 kutoka eneo ambalo leo ni Nova Scotia, Kanada, na ambao baadhi yao walikuja kukaa katika vinamasi na mbuga za kusini mwa Louisiana. Jambalaya yao, yaani wali unaopikwa pamoja na nyama, huwa ya kahawia, kwa kuwa nyama hukaangwa hadi ishike chini ya sufuria. Mapishi ya Kikrioli yalikulia New Orleans, mji wa bandari, mikononi mwa Wafaransa, Wahispania, wenyeji wa asili na Waafrika waliokuwa watumwa, ambao bamia zao zingali katika chungu hadi leo. Huko jambalaya hutiwa nyanya. Kwa hiyo anayeikataa jambalaya nyekundu kuwa ni ya uongo anaudhulumu mji mzima.

Umri wa chakula nao si kipimo cha kutosha. Samaki aina ya redfish aliyepakwa viungo na kuunguzwa juu ya chuma cha moto alipata umaarufu kupitia mpishi Paul Prudhomme, mzaliwa wa Opelousas, Louisiana, aliyefungua mgahawa wake New Orleans mwaka 1979, na hamu ya walaji ikawa kubwa kiasi kwamba uvuvi wa kibiashara wa samaki huyo ulidhibitiwa. Vivyo hivyo, Wavietnamu wa Houston huwapaka kamba wa maji baridi (crawfish) siagi na vitunguu saumu. Nawala kwa furaha, mradi menyu isidai kwamba ni mapishi ya kale.

Kuhusu kamba hao, ambao Wakenya watawatambua kwa sababu jamii hiyo hiyo ilipelekwa Ziwa Naivasha mwaka 1970, waagize wakiwa wazima kati ya Machi na Mei, na uulize wametoka wapi, maana minofu mingi iliyogandishwa huagizwa kutoka China.

Ukifika New Orleans siku ya Jumatatu, uliza maharagwe mekundu kwa wali, chakula ambacho zamani kilichemka polepole wakati akina mama wakifua nguo. Yatazame vizuri: yanapaswa kuwa yamepikwa hadi mengine yakapasuka na kuufanya mchuzi uwe mzito wenyewe, bila kuongezewa unga.